Baraza la Wasafiri na Mwenye Nyumba

Kwenye kona ya Mtaa wa Kimathi na Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, kuna hoteli ya Stanley, na katika ua wa mkahawa wake umesimama mgunga. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1959, na mti wake ukageuka kuwa sanduku la barua la wapita njia. Msafiri aliyemsubiri mwenzake kutoka Kampala, aliyetafuta mtu wa kuchangia naye gari mpaka Turkana, au aliyetaka kuuza hema kabla ya kupanda ndege, aliandika kikaratasi, akakibandika shinani, akaenda zake. Aliyefuata alisoma, akajibu, naye akaacha chake. Mgunga unaoonekana leo si ule wa mwanzo, ila jina halikukatika. Mwaka 1996, Lonely Planet, kampuni ya Australia iliyojipatia umaarufu kwa vitabu vya kuwaongoza wasafiri, ilipofungua jukwaa la mtandaoni ililiita Thorn Tree, kwa heshima ya mti huo wa Nairobi. Kwa karibu robo karne watu wa kila bara waliulizana na kujibizana humo. Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na korona, jukwaa nalo likafungwa asiandike mtu tena, na baadaye hata kuyasoma yaliyokwisha kuandikwa kukawa hakuwezekani.

Kuagana na mahali kama hapo huelezwa kwa lugha ya matanga: janga lilikuja, zama zimebadilika, vijana wamehamia kwingine, kila chenye mwanzo kina mwisho. Maelezo hayo yanaliwaza, lakini yanaficha jambo. Korona iliwahisha tu tarehe. Udhaifu wenyewe ulikuwepo tangu siku ya kwanza, nao ni kwamba walioandika Thorn Tree hawakuwahi kuwa na njia ya kuondoka na walichoandika. Lilikuwa baraza mbele ya nyumba ya mtu. Baraza la uswahilini hukaliwa na mtaa mzima, habari zote za mtaa hupita hapo, na wakati mwingine mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayelikalia kwa nadra kuliko wote. Nyumba ikiuzwa na mnunuzi akataka kuvunja baraza apate nafasi ya duka, waliolikalia miaka thelathini watanung'unika, kisha watatafuta pengine pa kukaa.

Tuone kwanza baraza hilo lilifanya nini ambacho kitabu hakikuweza. Kitabu cha mwongozo hupita mikono mingi: mwandishi azunguke nchi, maandishi yahaririwe, ramani zichorwe, kipigwe chapa, kisafirishwe. Kinapofika dukani bei zilizomo zimeshapitwa na nyumba ya wageni iliyosifiwa huenda imegeuzwa ghala. Tony na Maureen Wheeler, walioanzisha Lonely Planet mwaka 1973 kwa kijitabu cha kuvuka Asia kwa fedha kidogo, walilijua tatizo hilo mapema, na barua za wasomaji zikawa chakula cha kila toleo jipya. Jukwaa lilikuwa barua hizo zikiandikwa hadharani, usiku na mchana, bila kumsubiri mhariri. Chukua meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 isije ikatekwa, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi majini mwaka 1927, na kwa miongo mingi ikabeba abiria, dagaa na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu. Historia hiyo kitabu chochote kitaisimulia vizuri. Kama wiki hii meli inaondoka au imefungwa gatini ikingoja spea, hilo kitabu hakiwezi kulijua. Ndivyo ilivyo pia kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi: ratiba iliyochapishwa ni jambo moja, na saa treni inapofika kweli ni jambo jingine, ambalo anayelijua ni yule aliyeshuka jana akiwa na vumbi lake.

Kilicholipa jukwaa thamani zaidi, hata hivyo, ni namna makosa yalivyosahihishwa. Mtu aliuliza kama mpaka fulani uko wazi. Mmoja akajibu kwa uhakika kwamba uko wazi. Wa pili akamkatalia, akasema amerudishwa juzi. Wa tatu akaeleza kuwa wote wawili ni wakweli, kwa kuwa asubuhi na jioni zamu hubadilika na maofisa hawafanani. Msomaji wa mwaka uliofuata alikuta mabishano yote mahali pamoja, akapima mwenyewe. Tena wajibuji hawakuwa wageni wa siku moja. Walitumia lakabu, lakini walizitumia kwa miaka, hata wenzao wakajua huyu ni mjuzi wa visa za Afrika ya Kati, yule anatia chumvi kuhusu hatari, na yule mwingine hajawahi kufika anakokuzungumzia. Sifa ya namna hiyo hainunuliwi. Nyota tano zinazobandikwa na mteja aliyelala hotelini usiku mmoja hazimwambii msomaji lolote kuhusu macho ya aliyezibandika. Mbao za karatasi nazo zilifanya kazi hii kabla ya intaneti, kwa kiasi kidogo. Kule Istanbul mgahawa unaojulikana kama Pudding Shop, uliofunguliwa mwaka 1957, ulikuwa na ubao ambapo vijana waliokuwa wakielekea India kwa barabara waliachiana ujumbe, mpaka mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti Afghanistan vilipoikata njia hiyo. Ubao wa karatasi ulifutika kwa jua na mvua, na hakuna aliyetarajia vingine. Maandishi ya mtandaoni yaliwapa watu matumaini kwamba safari hii mambo yatadumu.

Sasa tazama nyumba yenyewe ilivyokuwa ikibadilisha mikono. Mwaka 2007 akina Wheeler waliuza asilimia 75 ya kampuni kwa BBC Worldwide, tawi la biashara la shirika la utangazaji la Uingereza, na mwaka 2011 wakauza sehemu iliyobaki. BBC ililipa jumla ya takriban pauni milioni 130. Machi 2013 iliiuza kampuni hiyo hiyo kwa pauni milioni 51.5 kwa NC2 Media, kampuni ya tajiri wa Kimarekani aliyetajirika kwa sigara, na hasara hiyo ikazua maswali mengi kule Uingereza. Desemba 2020, jukwaa likiwa tayari limenyamazishwa, Lonely Planet ikaenda kwa Red Ventures, kampuni nyingine ya Marekani. Katika mauzo yote hayo, maelfu kwa maelfu ya majibu yaliyoandikwa bure na wanachama yalikuwa sehemu ya mali iliyokabidhiwa, lakini walioyaandika hawakuwa upande wowote wa mkataba. Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Desemba 2012, wakati BBC ikiwa na joto la kashfa zake yenyewe, Thorn Tree lilifungwa ghafla baada ya malalamiko kuhusu baadhi ya maandishi yaliyomo, likafunguliwa tena hatua kwa hatua mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Watu waliokuwa njiani, wakitegemea majibu ya swali walilouliza jana yake, walikuta mlango umefungwa. Inawezekana uamuzi ule ulikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo ulifichua nani ana ufunguo, na kwamba ufunguo ulikuwa mmoja tu.

Lingekuwa Thorn Tree peke yake, tungelaumu kampuni moja na kuendelea na shughuli zetu. Lakini orodha ni ndefu. VirtualTourist, tovuti ya tangu miaka ya tisini ambako watu waliandika vidokezo vya miji yao wenyewe na ya wengine, ilinunuliwa mwaka 2008 ikaingizwa katika familia ya TripAdvisor, na mwaka 2017 ikafungwa. GeoCities, mtaa mkubwa wa kurasa za watu binafsi, zikiwemo za safari zisizohesabika, ulibomolewa na Yahoo mwaka 2009. Miaka kumi baadaye Yahoo hiyo hiyo ikafuta maandishi ya Yahoo Groups. Kisa cha Couchsurfing kinafundisha zaidi kwa sababu huko hakukufungwa kitu. Ulikuwa mtandao wa ukarimu ulioanza mwaka 2004: mtu anampokea mgeni nyumbani bila malipo, kisha kila mmoja anaandika ushuhuda kuhusu mwenzake, na ushuhuda huo ndio unaomfungulia mlango mwingine mji wa mbali. Ulijengwa kwa jasho la watu wa kujitolea. Mwaka 2011 waendeshaji waliugeuza kuwa kampuni ya kutafuta faida. Mei 2020, safari zikiwa zimesimama dunia nzima, wanachama wa nchi nyingi walitakiwa kulipa ada kabla ya kuingia, yaani kabla hata ya kuona ushuhuda ambao wageni wao wenyewe waliwaandikia kwa miaka. Mtu aliyewalisha na kuwalaza wageni mia alijikuta akilipia mlangoni apate kusoma shukrani zake. Waendeshaji walisema kampuni ingekufa bila ada hiyo, na huenda ni kweli. Shida ni kwamba mwanachama hakuwa na chaguo la tatu: alipe, au asahau.

Chaguo la tatu lipo, na linajulikana kwa sababu wasafiri wengine walilitumia. Julai 2003, watu wawili waishio Montreal walianzisha Wikitravel, kitabu cha mwongozo kinachoandikwa na kila mtu. Tangu mwanzo maandishi yake yalitolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuyanakili na kuyachapisha upya mradi awataje waandishi na aiache kazi yake wazi kwa masharti yale yale. Mwaka 2006 tovuti iliuzwa kwa kampuni ya Marekani, Internet Brands. Wachangiaji wa Kijerumani hawakupendezwa. Kabla ya mwaka kwisha walichukua nakala ya makala zao wakafungua Wikivoyage. Waliobaki waliendelea kuandika huku wakilalamikia matangazo na mitambo isiyohudumiwa. Mwaka 2012 wachangiaji wa Kiingereza nao wakaamua kuhama, wakaomba hifadhi kwa Wikimedia, taasisi isiyo ya faida inayoendesha Wikipedia. Internet Brands iliwashtaki wachangiaji wawili wa kujitolea. Wikimedia nayo ikaenda mahakamani kutetea haki ya watu kuhama, na mapema mwaka 2013 pande hizo zikapatana. Januari mwaka huo Wikivoyage ilizinduliwa rasmi chini ya Wikimedia ikiwa na makala za miaka tisa, na ingali hai. Hakuna aliyeiba kitu. Kampuni ilibaki na jina ililolinunua, na anwani, na mitambo. Waandishi waliondoka na maandishi. Wikitravel na Thorn Tree zilifanya kazi ya karibu sana, ziliendeshwa na watu wa aina moja, na zote mbili zilipitia mauzo. Tofauti iliyoamua hatima zao ni aya chache za kisheria zilizowekwa, au zisizowekwa, siku ya kufungua.

Wapo watakaosema leseni haitoshi, na wako sahihi kwa sehemu. Makala ya mwongozo inahamishika kwa urahisi kwa kuwa haina mwandishi mmoja. Mazungumzo hayahamishiki vivyo hivyo: ukitoa jibu la mtu kutoka katika uzi, ukaliweka mahali asipokuwepo yeye wala wenzake, umehamisha maneno ukaacha jamii. Tena wakimbizi wa Wikitravel walikuwa na pa kukimbilia. Bila Wikimedia na mawakili wake, kesi ile ingewamaliza watu wawili wasio na fedha za kujitetea. Kwa hiyo haki ya kuondoka inahitaji vitu viwili, ruhusa ya kubeba mzigo na mahali pa kuushusha. Ninachokataa ni hitimisho la kwamba kwa kuwa kipengele cha pili ni kigumu, cha kwanza hakina maana. Ruhusa ikiwepo, hata mtu mmoja mwenye diski ya kuhifadhia anaweza kuokoa kitu wakati jamii ikitafuta makao. Ruhusa isipokuwepo, taasisi tajiri zaidi duniani itasita.

Pingamizi linalosikika zaidi linahusu thamani ya mzigo wenyewe. Nani ana haja ya nauli ya basi la Arusha kwenda Nairobi ya mwaka 2003? Treni ya zamani ya Nairobi hadi Mombasa imepisha reli ya kisasa tangu mwaka 2017. Kenya imebadili utaratibu wa visa kwa wageni, na tangu Januari 2024 inawataka wengi wao waombe kibali kwa mtandao kabla ya kusafiri. Ushauri wa jana leo ni takataka, na takataka haihifadhiwi. Jibu ni kwamba manufaa ya maandishi ya safari hubadilika aina, hayaishi. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Hakuna msafiri anayemtegemea leo kupanga safari, lakini mwanahistoria wa pwani yetu hawezi kumruka, na tunaye kwa sababu tu kwamba masimulizi yake yaliandikwa na kunakiliwa. Karibu zaidi na sisi, mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kikiwa na masimulizi ya wasafiri walioeleza kwa Kiswahili walichokiona, mmoja wao Selim bin Abakari aliyefika Urusi mpaka Siberia mwishoni mwa karne ya 19. Mambo ambayo msomaji wa wakati ule angeweza kuyaona madogo, kama chakula, baridi, nauli na tabia za wenyeji, ndiyo yanayokifanya kitabu hicho kiwe hazina kwa anayetaka kujua jicho la Mswahili lilivyoitazama Ulaya. Kiliokoka kwa kuwa kilichapishwa, nakala zake zikatawanyika katika maktaba nyingi, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuzifuta zote kwa kitufe. Maelfu ya watu waliovuka mpaka wa Namanga, Kasumbalesa au Rusumo kati ya mwaka 1996 na 2020 wakaeleza walilipishwa nini na waliulizwa nini, ni shahidi ambaye hakuna ofisi ya takwimu inayoweza kumrudisha.

Pingamizi la pili ni kwamba ujuzi haukufa, umehama. Makundi ya Facebook yana wasafiri wengi kuliko Thorn Tree lilivyowahi kuwa nao, video za simu zinaonyesha njia hatua kwa hatua, na akili mnemba inajibu swali kabla hujalimaliza. Yote kweli. Lakini angalia mahali ujuzi ulipohamia: nyumba nyingine za watu, zenye kuta ndefu zaidi. Kilichosemwa ndani ya kundi lililofungwa hakitafutiki kutoka nje, na hata ndani, jibu zuri la mwaka juzi limezama chini ya maelfu ya salamu na matangazo, kwa hiyo swali lile lile huulizwa kila wiki na wanaojua huchoka. Kuhusu akili mnemba, majibu yake hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Google imekubali kulilipa jukwaa la Reddit takriban dola milioni 60 kwa mwaka ili kutumia mazungumzo ya wanachama wake, pamoja na kufundishia programu zake. Mazungumzo ya watu wa kawaida yamepata bei sokoni miaka michache tu baada ya kampuni nyingine kuyafuta kama uchafu wa ghala. Wanaolipwa ni wenye nyumba. Na programu inayojibu kwa sauti moja tulivu haionyeshi mabishano yaliyozaa jibu, wala haisemi kwamba mjuzi wa njia hiyo alilikataa. Msafiri akiambiwa meli ipo na asiikute, hakuna uzi wa kurudi na kuandika chini yake kuwa mmekosea.

Lipo pingamizi zito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili: baraza lile halikuwa letu. Lilichukua jina la mti wa Nairobi, lakini lugha yake ilikuwa Kiingereza na wengi wa wazungumzaji wake walikuwa wageni wakizungumza kuhusu miji yetu, mara nyingine kana kwamba miji hiyo haina wenyewe. Bei ya chumba ilijadiliwa kwa kina kuliko mshahara wa anayekifagia. Sina haja ya kuwatetea. Lawama hiyo wanastahili. Ila watu wetu nao ni wasafiri, na wamejenga mabaraza yao. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, kijana anayetafuta kazi Muscat au Dubai, mwanafunzi aliyepata nafasi Uturuki, mama anayejiandaa kwenda Hija: kila mmoja ana kundi la WhatsApp anakouliza wakala gani ni tapeli, kilo ngapi zinaruhusiwa, karatasi gani inaombwa ubalozini. Kwa baadhi yao, hasa wanaokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba, jibu la mwenzao aliyetangulia lina uzito kuliko ushauri wote wa hoteli uliowahi kuandikwa Thorn Tree. Maarifa hayo yanakaa katika simu za watu. Simu ikiibwa, au kiongozi wa kundi akiondoka kwa hasira, yanapotea bila hata tangazo la kufungwa.

Afrika Mashariki imeshaonja pia mlango ukifungwa kwa mkono mwingine. JamiiForums, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006, ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa za mazungumzo ya watu wa kawaida kwa Kiswahili, na humo siasa inakaa jirani na maswali ya nauli, viza na maisha ya ughaibuni. Juni 2018 ilizimwa kwa muda, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipowataka wenye majukwaa na blogu kuwa na leseni, ambayo gharama zake zote wakati huo zilikuwa kama shilingi milioni mbili. Ilirudi. Tofauti na Thorn Tree, hapo waendeshaji ndio waliotaka baraza liendelee, na tishio lilitoka nje. Kwa mwanachama, hata hivyo, siku zile hali ilikuwa ile ile: miaka kumi na miwili ya nyuzi nyuma ya ukuta, na hakuna nakala mahali pengine anapoweza kwenda kusoma. Waendeshaji wema hawaondoi haja ya nakala.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliona gumu, nalo ni la faragha. Aliyeandika akiwa na miaka ishirini kwamba alivuka mpaka kwa rushwa, au aliyemtaja mwenyeji wake kwa jina, hakuandika ili asomwe na mwajiri wake miaka ishirini baadaye. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kuomba habari zake zifutwe, na kampuni inayofuta kila kitu inaweza kudai kwamba imewalinda watumiaji wake. Wanaopigania kuhifadhi kila neno milele hawajalijibu hilo vizuri. Lakini kati ya kuhifadhi vyote na kufuta vyote kuna nafasi pana ambayo kampuni hazikuijaribu: notisi ya miezi sita, mwanachama apewe nakala ya aliyoyaandika, anayetaka kufuta yake afute, lakabu ziondolewe, na kinachobaki kikabidhiwe maktaba au chuo kwa masharti. Kazi hiyo ina gharama, hasa ya muda wa watu. Gharama ya kutunza maandishi matupu yenyewe ni ndogo. Mazungumzo ya jukwaa zima kwa miaka ishirini, yakiwa hayana picha, yanaweza kuenea katika diski inayouzwa madukani.

Kwa sasa kilichosalia kipo kwa bahati. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Brewster Kahle San Francisco mwaka ule ule wa 1996 Thorn Tree lilipofunguliwa, imekuwa ikipita tovuti na kupiga nakala za kurasa. Nyuzi zilizokuwa maarufu zina nafasi nzuri ya kupatikana humo. Uzi mfupi wa watu watatu kuhusu boti ya Ziwa Nyasa huenda haukupitiwa kamwe, na hata ukiwa umo, kwa kawaida anayeutafuta anatakiwa awe na anwani kamili ya ukurasa wake wa zamani, maana nakala hizo hupangwa kwa anwani kuliko kwa maneno yaliyomo. WhatsApp nayo ina njia ya kutoa nakala ya mazungumzo ya kundi kuwa faili la maandishi, lenye kikomo cha idadi ya ujumbe. Kundi lililoanza juzi bado liko chini ya kikomo hicho, na majibu yake bora hayajapita kurasa kumi za daftari.